Jinsi ya kuandaa mpango wa miaka 20 wa matumizi ya ardhi ya kisiwa, ukianzia ofisi za Nairobi

Kabla ya kupanda basi la Lamu au la Mbita, una kazi ya wiki kadhaa humu humu Nairobi. Mwongozo huu ni wa mtaalamu wa kupanga miji na ardhi, wa afisa wa kaunti, au wa wanakisiwa wanaoishi jijini ambao wamekabidhiwa, au wamejikabidhi wenyewe, kazi ya kupanga kisiwa chao. Nimeuandika nikifikiria visiwa vya Kenya: Lamu, Pate, Manda na Wasini upande wa bahari, Rusinga, Mfangano na Takawiri upande wa Ziwa Victoria. Sheria ni moja kwa vyote, maji ndiyo yanayotofautiana, na msimamo wangu ni kwamba maji ndiyo huamua karibu kila kitu kingine. Mpango wa mji wa bara ukianza na barabara unaweza kupona. Wa kisiwa ukianza na barabara na hoteli, visima vitageuka chumvi kabla mpango haujafika nusu ya umri wake.

Jua unaandika mpango gani

Kaunti ina mipango mingi, na ukiichanganya utakuja kukataliwa mwishoni, pesa zikiwa zimekwisha. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inadai mpango jumuishi wa maendeleo wa miaka 5, mipango ya sekta ya miaka 10 na mpango wa kaunti wa matumizi ya maeneo, nao wa miaka 10. Kisha kuna Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019, iliyochukua nafasi ya ile ya 1996. Hiyo ndiyo inayotoa mpango wa kaunti nzima na, chini yake, mpango wa eneo. Kisiwa kimoja kwa kawaida huingia katika mpango wa eneo.

Mbona basi tunasema miaka 20? Kwa sababu maji na ufuo haviendi kwa kalenda ya uchaguzi. Ninachopendekeza ni kuandika hati ya kisheria ya miaka 10, lakini hesabu za maji, watu na kina cha bahari uzipeleke hadi mwaka wa 20, na uweke kifungu cha kuupitia mpango kila miaka 5, wakati kaunti inapoandika mpango wake jumuishi mpya. Ule wa sasa unaishia 2027.

Ipo njia nyingine ya kisheria, eneo maalum la mipango, kwa mahali penye tatizo la pekee au la dharura. Wakazi wa Nairobi wanaijua kwa mitaa ya mabanda ya Mukuru, iliyotangazwa hivyo Agosti 2017. Ni njia nzuri kwa kisiwa ambacho ujenzi umeshaanza kukimbia, ila inataka kaunti yenye nia, maana kutangaza eneo maalum halafu kukaa kimya huwapa wajenzi nafasi ya kuharakisha.

Jambo moja la haraka: hati itiwe sahihi na mtaalamu wa mipango aliyesajiliwa. Kikundi cha wanakisiwa kinaweza kufanya karibu kazi yote, lakini bila sahihi hiyo mtakuwa mmeandika barua ndefu.

Mzunguko wa Nairobi

Anzia Ruaraka, kando ya Thika Road, ofisi za upimaji ardhi za Survey of Kenya. Uliza ramani za kipimo cha 1:50,000, ramani za mipaka ya ploti na picha za zamani zilizopigwa kutoka angani. Hizo picha usizipuuze. Ukizilinganisha na za setilaiti za leo utaona ufuo ulipoliwa, mikoko ilipokatwa na kijiji kilipohamia. Kwa picha za setilaiti, RCMRD, kituo cha kikanda cha ramani, iko Kasarani, si mbali na hapo.

Siku nyingine nenda Dagoretti Corner, Idara ya Hali ya Hewa, ukachukue takwimu za mvua, na uombe za kila mwezi kwa sababu wastani wa mwaka huficha kiangazi. Shirika la takwimu, KNBS, litakupa sensa ya 2019 hadi ngazi ya kata ndogo. NEMA, mamlaka ya mazingira, Popo Road huko South C, uliza ripoti za athari kwa mazingira za miradi iliyokwisha kuombwa kisiwani. Utashangaa nani ameshapanga kujenga wapi. Karura kuna makao ya huduma za misitu kwa habari za mikoko. Museum Hill kuna Makumbusho ya Taifa, na hao huwezi kuwakwepa kama kisiwa kina magofu kama Takwa pale Manda, au mji mkongwe kama Lamu ulio kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001. Malizia Hifadhi ya Nyaraka, Moi Avenue. Ripoti za wilaya za enzi ya ukoloni zina majina ya visima, njia na mashamba ambayo ramani za leo zimeyaacha.

Ukirudi na hayo mafaili, kuna mitego miwili ya ramani. Wa kwanza: ramani nyingi za zamani za Kenya zimechorwa kwa mfumo wa kuonyesha mahali uitwao Arc 1960, na simu yako na picha za setilaiti zinatumia mwingine, WGS 84. Ukizipachika juu ya nyingine bila kubadilisha, kila kitu kinahama karibu mita 300. Bara hiyo ni kero. Kisiwani ni shule iliyokaa baharini. Kumbuka pia kwamba katika kanda za ramani za UTM, Lamu iko kanda ya 37 na Rusinga kanda ya 36.

Mtego wa pili ni mbaya zaidi kwa sababu hauonekani. Ramani ya nchi kavu hupima kimo kuanzia wastani wa usawa wa bahari. Chati ya mabaharia hupima kina kuanzia chini kabisa ya maji kupwa. Pwani yetu maji ya bamvua, yale ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hupanda na kushuka mita 3 hadi 4, kwa hiyo tofauti ya sifuri hizo mbili inakaribia kimo cha mtu. Mwandishi wa mpango asiyejua hilo ataweka gati mahali ambapo mashua zitakaa juu ya tope nusu ya siku.

Fanya hesabu ya maji kabla ya kuchora chochote

Kwenye kisiwa cha bahari chenye mchanga au mawe ya matumbawe, maji baridi hukaa chini ya ardhi yakielea juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi. Kanuni ya wataalamu wa maji ni kwamba kwa kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 chini yake. Inasikika kama utajiri, hadi uigeuze: ukivuta maji kisima kikashuka sentimita 10 tu, mpaka wa chumvi unapanda kama mita 4. Ndiyo maana kisima kimoja kirefu chenye pampu kubwa huharibu kuliko visima ishirini vya ndoo.

Sasa kalamu na karatasi. Takwimu hizi ni za mfano, badilisha uweke za kwako. Tuseme eneo linalonyonya mvua ni kilomita za mraba 4 za matuta ya mchanga, mvua ni milimita 900 kwa mwaka, na asilimia 20 yake inafika chini. Hiyo ni mita za ujazo 720,000 kwa mwaka. Usivute zote, chukua theluthi moja, nyingine ziachwe ziizuie chumvi. Unabaki na 240,000 kwa mwaka, yaani kama 657 kwa siku.

Wakazi ni 10,000, wanaongezeka kwa asilimia 2.5 kwa mwaka, kila mmoja anatumia lita 50 kwa siku. Leo wanahitaji mita za ujazo 500. Mwaka wa 20 watakuwa karibu 16,400 na watahitaji 820. Bila hoteli yoyote mpya, maji yanapungukiwa mwaka wa 12. Sasa ongeza vitanda 400 vya wageni, kila kimoja lita 250 ukihesabu shuka, bustani na kidimbwi cha kuogelea. Hiyo ni mita 100 kwa siku, sawa na mahitaji ya wakazi 2,000, na upungufu unasogea hadi mwaka wa 5. Hoteli hizo zimekula miaka 7 ya kisiwa.

Halafu fanya hesabu ya paa. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Bati la mita za mraba 60 na mvua ile ile hutoa lita 54,000. Toa sehemu ya tano inayopotea, zinabaki 43,200. Nyumba ya watu 6 wanaochukua lita 20 kila mmoja kwa siku hutumia 43,800 kwa mwaka. Karibu zinalingana. Kwa kiangazi cha miezi 4 wanahitaji tangi la lita kama 14,400. Kila paa likivuna hivyo, mzigo wa visima unashuka kutoka lita 50 hadi 30 kwa mtu, na mwaka wa 20 kisiwa kizima pamoja na vitanda vile 400 kinatumia mita 592. Chini ya 657.

Ndiyo sababu kifungu cha kwanza cha mpango wowote ninaoushughulikia huwa ni paa na tangi, na cha pili ni kutojenga juu ya eneo linalonyonya mvua. Watu wa visiwa vya Lamu walilijua hili zamani. Jabia zao, matangi ya kuvunia mvua, ni miundombinu kamili, na mpango uzitaje, uzipime na uzitengee pesa za ukarabati. Matuta ya Shela, yanayoulisha mji wa Lamu maji, yachukuliwe hivyo hivyo: hilo ni tangi la mji, hata likionekana kama mchanga mtupu wenye mandhari nzuri ya kuuzia ploti.

Upande wa ziwa hesabu inageuka. Maji yapo tele, shida ni usafi na kupanda kwa ziwa. Vyoo vya shimo karibu na ufuo, kichocho, na mashua zinazooshewa pale pale wanapochota watu: hayo yapimwe. Na mstari wa kujenga usiupime kutoka maji yalipo leo. Ziwa Victoria lilipanda sana mwanzoni mwa miaka ya 1960, likapanda tena 2020 na kumeza fuo za kuegeshea mashua. Pima kutoka alama ya juu kabisa inayokumbukwa, halafu ongeza nafasi.

Ufuo ni wa nani

Katiba, kifungu cha 62, inaweka ardhi yote iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Kanuni za upimaji nazo zinataka, serikali inapopima ardhi yake ya pwani ili kuigawa, iachwe hifadhi ya mita 60 juu ya kikomo cha maji kujaa. Misitu ya mikoko ilitangazwa kuwa ya serikali tangu 1932, na zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu. Kwa karatasi, basi, ufuo umelindwa. Uhalisi utaukuta ukitembea: kuta zinazoingia majini, njia za wavuvi zilizofungwa, ploti zenye hatimiliki hadi kwenye mchanga mbichi.

Tembea ufuo wote kwa miguu maji yakiwa yamejaa na tena yakiwa yamekupwa, ukiwa na mvuvi anayependa kuuongelea. Chora kila njia ya kufika majini, hata ile nyembamba kati ya kuta mbili. Mpango unaozitaja njia kwa jina na upana utawasaidia wavuvi mahakamani. Ule unaosema tu kwamba ufikiaji wa ufuo uheshimiwe hautamsaidia mtu.

Ndani ya kisiwa, gawa umiliki katika mafungu ya katiba: ya umma, ya jamii, ya binafsi. Visiwa vya ziwani sehemu kubwa imeshapimwa familia kwa familia. Pwani utakuta watu walioishi vizazi vingi bila hati, na hati zilizo mikononi mwa watu wasioishi hapo. Ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa chini ya sheria ya 2016 iandikwe wazi kwenye ramani. Ukiipaka rangi ya kijani ukaiita eneo la uwekezaji, umemfungulia mtu mlango.

Mikutano ifuate mwezi

Ushirikishaji wa umma watu wengi huufanya kama mtihani wa kupita: tangazo gazetini, hema, soda, orodha ya sahihi. Lamu ilionyesha bei yake. Juni 2019 jopo la kitaifa linalosikiliza rufaa za mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka mmoja kabla, Mahakama Kuu ilikuwa imeamuru wavuvi wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara ya ujenzi wa bandari.

Kwa hiyo panga mikutano kwa kalenda ya wenyewe. Wavuvi wa omena huvua usiku wa giza la mwezi kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu wanapumzika, na hizo ndizo siku zako Mfangano na Rusinga. Pwani ni kinyume kwa namna fulani: kwenye bamvua maji yakikupwa sana, wanaookota pweza na chaza wako kwenye mwamba, hasa kina mama. Waite siku za maji mafu, maji yanapopanda na kushuka kidogo. Ijumaa mchana Lamu usiite mtu. Msimu wa kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba, bahari ni kali na kuzunguka vijiji vya Pate kwa mashua kutakuchelewesha, lakini kwa sababu hiyo hiyo wavuvi wengi wako nyumbani.

Sheria inasema utangaze kwenye gazeti rasmi na magazeti ya kawaida. Tangaza, ila magazeti hayafiki Kiwayu kwa wakati. Tumia msikiti, kanisa, chifu, kikundi cha BMU, yaani kamati ya wavuvi ya kusimamia ufuo, na makundi ya WhatsApp. Ramani uibandike kwa Kiswahili, na kwa Kidholuo upande wa ziwa. Igeni Mukuru kwa jambo moja: nyumba ziligawanywa katika vikundi vidogo vilivyochagua wawakilishi wao, na maoni yakapanda kutoka huko. Baraza moja kubwa husikika sauti za wanaume watano, wengi wao wanasiasa.

Wanakisiwa walioko Nairobi nao waitwe, siku ya Jumapili alasiri mahali pa kufikika. Wengi ndio wenye ploti na ndio watakaojenga. Lakini usiwaache waongee badala ya waliobaki nyumbani. Anayelala Eastleigh au Umoja hutaka barabara ya lami hadi kwa mlango wa mzee. Anayechota maji kila asubuhi ana mengine ya kusema.

Kuchora

Hapa wengi hutumia muda mrefu, na mimi naona ni sehemu fupi. Ukiwa na ramani ya maji, ya ufuo, ya umiliki na ya miteremko, maeneo mengi yamekwisha kujitenga yenyewe. Kinachobaki ndicho unachoweza kugawa kwa makazi, kilimo, biashara na wageni.

Angalia mambo machache yanayosahauliwa: jaa la taka liwe mbali na eneo la maji, na liwe mahali ambapo kilichojaa kinaweza kusafirishwa; gati, gulio na zahanati vikae karibu, kwa sababu mgonjwa husafiri kwa boti; mahali pa kuchimba mawe na mchanga patajwe, vinginevyo vitachimbwa ufuoni. Makaburi pia. Mpango wa miaka 20 usiokuwa na ardhi ya makaburi unawaachia wajukuu ugomvi.

Rasimu ikikamilika, peleka NEMA kwa tathmini ya kimkakati ya mazingira. Sheria ya mazingira, tangu marekebisho ya 2015, inaitaka kwa mipango na si kwa miradi peke yake. Ianzeni mapema, sambamba na uchoraji. Ikifanywa mwishoni huwa ni karatasi ya kupigia muhuri.

Bunge la kaunti, pesa, na siku 60

Mpango unapita kwa waziri wa ardhi wa kaunti kisha bunge la kaunti. Kaa na wawakilishi wadi wa kisiwa tangu mwanzo, na na wale wa bara pia, kwa sababu ndio wengi kwenye kura. Halafu kimbizana na kalenda ya fedha. Mpango wa maendeleo wa kila mwaka hufika bungeni kabla ya 1 Septemba; makadirio ya bajeti kabla ya 30 Aprili. Mradi wa kisiwa usioingia kwenye hizo karatasi mbili hauna pesa, hata kama umechorwa vizuri namna gani. Anza na vya bei ndogo: matangi ya shule, mawe ya mipaka kwenye njia za ufuoni, upimaji wa chumvi visimani kila mwezi kwa kifaa kidogo cha mkononi.

Kisha lipo jambo la vibali. Sheria ya 2019 inasema mwombaji wa kibali cha ujenzi asipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, kibali kinahesabiwa kimetolewa. Kisiwani, ambako afisa wa mipango anakaa ng'ambo na huja boti ikipatikana, siku 60 hupita bila mtu kufungua faili. Mpango wako uandike ni nani anayepokea maombi pale pale kisiwani, anayapeleka makao makuu ya kaunti siku gani ya wiki, na kikundi kipi cha wakazi kinapata nakala. Mtu huyo awe na mshahara kwenye bajeti ya mwaka wa kwanza.